Ziara ya "Ingekuwaje" Tabora: Pesa Imefanya Kazi, Ila kwa Mirambo Nilikunja Uso

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu wa Kigoma. Ni shilingi 30,000 kwa mtu mzima, mwanafunzi nusu yake. Bajaji imo humo, chakula cha mchana kimo, kiingilio cha makumbusho ya Kwihara unajilipia. Mwongozaji anataka kianzio cha elfu kumi kwa simu, na risiti anakuandikia kwa mkono hata kama hukuiomba. Kwa pesa hiyo unashinda kutwa na mwalimu mstaafu wa historia, mzaliwa wa Tabora, ambaye hakutembezi kuangalia majengo basi. Kila mnaposimama anauliza: ingekuwaje kama hapa mambo yangekwenda vingine? Kisha anakaa kimya. Mnajibu ninyi, na mkijibu ovyo anawarudisha mwanzo.

Mimi si mtu wa historia. Nina duka la vifaa vya shule na fotokopi pale Mwanga, Kigoma, na Tabora nilikwenda kwa ajili ya binti wa kaka yangu, yuko kidato cha tano mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), aliyeniganda mpaka nikakata tiketi ya treni. Nilitegemea kukaa kivulini nikichati wakati yeye anajaza daftari. Haikuwezekana. Kwa Mwalimu hakuna mtazamaji, wote mnacheza.

Anatembea na begi la shule lililojaa kadi alizoziandika mwenyewe kwa kalamu. Kila kadi ni mtu: mtemi, tajiri wa Kiarabu, kiongozi wa wapagazi, afisa wa Kijerumani. Imeandikwa mtu huyo ana nini, anadaiwa na nani, anamwogopa nani, siku hiyo. Sharti ni moja tu: wakati wa kuamua huruhusiwi kutumia jambo lililotokea baadaye. Ukisema "lakini si Wajerumani watakuja," anakunyang'anya kadi na kumpa mwenzako. Mkishaamua ndipo anawafungulia mlango, mnafuata matokeo mpaka mnapochoka. Sharti hilo ndilo hasa ulilolipia. Na mimi nitampimia kwalo yeye mwenyewe, kwa sababu kuna mahali alilivunja bila haya.

Tulikuwa watano: sisi wawili, mzee na mkewe kutoka Nzega, na kijana mhandisi. Kituo cha kwanza ni Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwanzoni mwa 1872 baada ya kutoka Ujiji. Sisi watu wa Kigoma tumezoea kudhani hadithi ile iliishia kwetu chini ya mwembe. Kumbe Stanley aliondoka hapa Machi 14, na Livingstone akabaki mpaka Agosti akingoja wapagazi. Nyumba ni ya udongo, pana, ina milango ya mbao iliyochongwa. Nilipanga kuitazama haraka haraka. Wazungu wawili kukutana au kutokukutana, mimi kinanihusu nini?

Mwalimu akatupa tarehe ya nyuma kidogo, Agosti 1871. Ruga-ruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo, wameingia Tabora, wamechoma sehemu ya mji, wamemuua Khamis bin Abdallah, mmoja wa Waarabu wakubwa wa pale. Stanley yuko hapa Kwihara na homa yake, ametoka kushindwa vitani pamoja na Waarabu hao hao. Ametoboa matundu ya bunduki kwenye kuta na anangoja. Mirambo hakuja. Ingekuwaje kama angekuja?

Mhandisi akasema Stanley angekufa, basi. Mzee wa Nzega akasema angekimbia. Binti yetu akaomba dakika moja, akafunua daftari. Alichosema nakumbuka vizuri kwa sababu Mwalimu alivua miwani. Alisema Julai ya mwaka ule ule Livingstone aliona watu wakiuawa kwa risasi sokoni Nyangwe, kule Manyema, Kongo ya leo, akayaandika. Barua zake zilifika Uingereza 1872 kwa mkono wa Stanley. Ziliwasha hasira, na mwaka uliofuata Sultani Barghash akabanwa mpaka akatia saini mkataba wa Juni 1873, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kwa hiyo kama Mirambo angeongeza mwendo wa saa moja na nusu, barua zingebaki Ujiji na mzee asiye na nguo wala dawa, na soko lile lingeweza kuendelea miaka mingine. Ruga-ruga wale walidhani wanapigania njia ya pembe tu.

Hapo nikaweka simu kwenye mkoba.

Kituo cha pili ndicho bora kuliko vyote, na kama una muda wa nusu siku mwombe akupe hiki peke yake. Mnakaa chini ya mwembe mkubwa, mkeka unatandikwa, punje za mahindi zinagawanywa. Punje nyekundu ni pembe, nyeupe ni vitambaa vya merikani na kaniki, maharage ni bunduki. Mwaka ni kati ya 1858 na 1860. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe amefariki, kiti amekalia Mnywa Sele, na Mnywa Sele ametangaza ushuru kwa bidhaa zote zinazoingia nchini mwake. Waarabu wa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, wamezoea kulipa zawadi na hongo za hapa na pale. Ushuru wa kudumu hawajauzoea.

Kadi ya Mnywa Sele akapewa binti yetu. Mimi nikapewa Snay bin Amir, tajiri aliyekuwa mwenyeji wa Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857. Kadi yangu ilisema: una maghala yaliyojaa pembe, una heshima mjini, na mali nyingi umeichukua kwa mkopo Unguja. Mkopo una siku zake. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: kuna mtu mwingine wa ukoo wa mtemi, anaitwa Mkasiwa, mnaelewana.

Nikaanza kujadiliana na mtoto wa kaka yangu. Nimelipa ushuru wa kila rangi maishani mwangu, kwa hiyo niliingia na msimamo nilionao dukani: niambie kiasi, niambie unakusanyia wapi, usinizushie kingine njiani, nitalipa. Yeye akataka zaidi. Akasema, "Shangazi, punje zako sizitaki kwanza. Nataka uape kwamba hutampa bunduki ndugu yangu yeyote." Nikashtuka. Nilifika nikidhani tunabishania asilimia, kumbe yeye alikuwa anabishania kiti chake, na alikuwa sahihi, kwa sababu Waarabu walikuwa wameshaingia mpaka ndani ya nyumba ya utemi. Baba yake Tippu Tip alimwoa Karunde, binti wa Fundikira mwenyewe. Mtu aliyeoa kwenu si mgeni tena. Akiwa na bunduki, anaweza kuchagua nani awe shemeji yake mkubwa.

Tukafika karibu kabisa na mapatano. Ushuru mmoja, mahali pamoja, kiapo mbele ya wazee. Wakati Mwalimu anaandika, mzee wa Nzega, aliyekuwa na kadi ya Mkasiwa, akajisogeza sikioni kwangu: "Mama, kwangu mimi hulipi kitu."

Nikachukua.

Wote wakapiga kelele, binti yetu akanitazama kama nimemwibia. Lakini nilikuwa na mkopo Unguja na siku zinahesabika! Ndivyo ilivyokuwa kweli: Waarabu wakamfukuza Mnywa Sele, wakamweka Mkasiwa, na vita ikala miaka. Snay bin Amir mwenyewe aliuawa ndani ya vita hiyo. Speke aliporudi 1861, Mnywa Sele alimwomba awapatanishe, akajaribu, ikashindikana. Mnywa Sele akauawa 1865.

Mwongozaji wa kawaida angeishia hapo na kutuambia Waarabu walikuwa na tamaa. Mwalimu akaniuliza mimi: ni kitu gani kingebadilika kwenye kadi yako ili umkatalie Mkasiwa? Nikafikiri. Si tabia ya Mnywa Sele, wala si ukali wa ushuru wake. Ningekataa kama mkopo usingekuwa na haraka. Yaani kama matajiri wa Unguja waliotoa mali kwa mkopo wangeweza kungoja msimu mmoja zaidi, mimi Snay ningelipa ushuru kwa moyo mweupe, kwa sababu mtemi mwenye nguvu analinda njia. Mwalimu akatikisa kichwa polepole na kuandika. Sijawahi kuona mtu akiieleza vita ya Unyanyembe kwa hesabu ya deni, na mimi ninayekopesha walimu karatasi mpaka mwisho wa mwezi niliielewa mara moja.

Halafu tukafuata matokeo. Kama Unyanyembe ingebaki na mtemi asiyewekwa na mtu, Nyungu ya Mawe, aliyekuwa wa ukoo huo huo wa kitemi, asingekuwa na sababu kubwa ya kwenda kusini kujitafutia nchi yake Ukimbu. Na Mirambo, aliyepanda kutoka Uyowa na kujijenga Urambo, asingekutana na Tabora iliyogawanyika. Hapo kila mtu ana la kusema, saa zinakwenda, jua linazunguka na mkeka unahamishwa.

Chakula nitakipitisha haraka. Tulikula kwa mama mmoja mwenye banda safi: ugali, nsansa (mboga ya majani makavu) ya karanga, kuku wa kienyeji, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ya kutafuna na chai. Nsansa ilikuwa tamu mno, niliomba nyongeza nikapewa. Samaki pia walikuwepo. Mtu aliyezaliwa karibu na migebuka asiulizwe maoni yake kuhusu samaki wa Tabora. Asali ilikuwa halisi, nikanunua lita mbili.

Baada ya kula ndipo Mwalimu alipoharibu.

Mada ilikuwa Mirambo. Ukiwa Tabora unajua mapema kwamba hapo utakutana na mapenzi. Shule ina jina lake, kambi ina jina lake, na Stanley mwenyewe, aliyekoswakoswa naye, baadaye alimwita Napoleon wa Afrika. Sawa. Lakini kadi zilibaki begini. Mwalimu akasimama, akaanza kuhutubia: kama Mirambo angeishi miaka 20 zaidi, angeunganisha nchi kutoka Ziwa Tanganyika mpaka pwani, angekuwa na viwanda vya bunduki, angejenga reli yake, Wajerumani wangekuja kama wageni na kuomba ruhusa. Mzee wa Nzega akapiga makofi. Mimi nilikunja uso. Reli kwa chuma kipi? Kwa mhandisi gani? Kijana wetu mhandisi aliyekuwa amekaa pale na kofia yake akacheka chinichini. Sharti la kutotumia mambo ya baadaye limekwenda wapi, wakati reli yote ile ni ya baadaye?

Binti yetu akauliza swali ambalo mimi ningelifanya kituo kizima: "Mwalimu, na nani angemrithi?" Mwalimu akaruka. Akasema tutafika huko, hatukufika.

Mambo yenyewe yapo na ni matamu kuliko ile hotuba. Mirambo alifariki Desemba 2, 1884. Nyungu ya Mawe naye alifariki Desemba ile ile. Wakati huo huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekaa Berlin tangu katikati ya Novemba. Himaya mbili, vifo viwili, mwezi mmoja. Himaya ya Mirambo ikashikwa na ndugu yake Mpandashalo ikamponyoka mikononi. Ya Nyungu ikashikwa na binti yake, Mgalula, mwanamke, na ikasimama miaka mingine kumi hivi mpaka Wajerumani walipoivunja. Kwa nini? Nyungu alikuwa ameweka wasimamizi wake kila upande, wenye kazi zinazojulikana. Mirambo alikuwa na Mirambo. Sasa ukitaka kuuliza ingekuwaje, uliza: ingekuwaje kama Mirambo angemwiga Nyungu mwaka 1880? Hilo lilikuwa ndani ya uwezo wake. Jirani yake alikuwa analifanya, hakuhitaji kiwanda.

Na lipo jingine. Nilipomwuliza pembeni, Mwalimu akakiri analo, akafungua begi akanionesha kadi. Juni 1880, watu wa Mirambo wakiwa vitani Mpimbwe waliwaua Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa kwenye msafara wa mfalme Leopold wa Ubelgiji, msafara ule uliokuja na tembo wa kutoka India. Kabla ya hapo balozi wa Uingereza Unguja, John Kirk, alikuwa anamtazama Mirambo kwa jicho zuri. Baada ya hapo mlango ukafungwa. Wale wawili hawakulengwa, walikutwa katikati ya vita. Ingekuwaje kama msafara ungechelewa siku tatu? Kadi imeandikwa vizuri kabisa, pande zote mbili. Kwa nini aliiacha begini akatupa viwanda vya bunduki, jibu alilonipa ni kwamba wageni wengi wanapenda Mirambo akishinda. Mimi nililipa nauli ya treni, sikuja kufurahishwa. Kwa kituo hiki ningeomba nusu ya pesa irudi, na nilimwambia. Akacheka.

Kwa Isike, mtemi wa Unyanyembe, alijirudi. Hatukukaa sana. Alieleza kwa kifupi: Agosti 1890 Emin Pasha anapandisha bendera ya Ujerumani Tabora, Isike hakubali, ngome yake inashambuliwa zaidi ya mara moja, Januari 1893 Tom Prince anaivunja, na Isike anaingia kwenye chumba cha baruti na kuiwasha. Mhandisi akataka kucheza ile ya Isike kuungana na Mkwawa, aliyewapiga Wajerumani Lugalo Agosti 1891. Mwalimu mwenyewe akaipa alama ndogo. Aliuliza mjumbe angepita wapi, katika nchi ya nani, akilishwa na nani, na kila mmoja wao angeacha ngome yake kwa nani. Prince huyo huyo aliyemmaliza Isike ndiye mwaka uliofuata aliyekuwa Kalenga, Oktoba 1894, ngome ya Mkwawa ilipoanguka. Wangeungana wangempiga? Labda. Lakini hakuna aliyekuwa na kadi ya kumwonesha kwamba adui ni mmoja. Huyu ndiye Mwalimu niliyemlipa.

Boma la Wajerumani tulilitazama kwa nje tu, na simu mfukoni. Tukashuka hadi stesheni, na hapo mimi ndiye niliyepandisha sauti, kwa hiyo mnisamehe nikirefusha.

Kadi zilikuwa za 1916 hadi 1921. Mwalimu kwanza alitupitishia picha ya sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, waliyoipiga Wajerumani hapa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli ya Lulanguru, wakati pesa imewaishia na bahari imefungwa. Kisha Wabelgiji. Watu wengi wanadhani Mjerumani aliondoka akaingia Mwingereza. Kwetu sivyo. Julai 1916 Wabelgiji waliingia Kigoma, Septemba 19 wakaingia Tabora chini ya Jenerali Tombeur. Tabora waliiachia mapema kidogo, ila Kigoma na Ujiji walikaa mpaka Machi 1921. Miaka karibu mitano. Meli ambayo leo tunaiita Liemba, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili wasiipate.

Kadi yangu safari hii ilikuwa ya Pierre Orts, mjumbe wa Ubelgiji, anayekutana na Milner wa Uingereza mwaka 1919. Nimeshika sehemu ya magharibi ya nchi kwa jasho la askari na wapagazi wa Kongo. Lakini serikali yangu haitaki hasa kubaki hapa. Inachotaka ni ukingo wa kusini wa mdomo wa Mto Kongo, ulio mkononi mwa Wareno. Mpango ni kubadilishana: mimi nimwachie Mwingereza, Mwingereza amfidie Mreno, Mreno anipe mimi. Mreno hakutoa. Nikabaki na Ruanda na Urundi, na Waingereza wakachukua vilivyobaki, pamoja na nyumba ya bibi yangu.

Ingekuwaje kama ningeng'ang'ania Kigoma? Hili linawezekana kabisa, halihitaji muujiza. Nilikuwa tayari nimekaa pale. Tena Wabelgiji hawakutoka mikono mitupu: mkataba wa 1921 uliwapa maeneo yao bandarini Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, bila kikomo. Wazee wetu bado wanaiita Belbase. Na mipaka ile haikuwa ya chuma. Gisaka, upande wa mashariki wa Rwanda, ilipewa Mwingereza kwenye mapatano hayo hayo, Mwami Musinga, mfalme wa Rwanda, akalalamika, wamisionari wakampigia kelele, na baada ya miaka michache ikarudishwa.

Basi nikacheza. Nikang'ang'ania. Buha yote, nchi ya Waha, ikabaki chini ya Usumbura, Bujumbura ya leo. Binti yetu akaanza kufuata: reli inafika Kigoma lakini mpaka uko katikati, kwa hiyo mizigo ya Kongo inalipiwa ushuru mara mbili, bandari inadumaa. Shuleni Kifaransa. Mhandisi akaongeza Tabora kwenye mfuko wa Ubelgiji, kwa ubishi tu, na hapo Mwalimu akaweka kidole: kama Tabora ni ya Ubelgiji, hakuna shule ya serikali ya Waingereza ya kuwasomeshea watoto wa watemi. Mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyeingia pale 1937, anasoma wapi? Musoma ingebaki kwa Waingereza, kwa hiyo angesoma mahali. Lakini na nani? Nani angekaa naye dawati moja?

Mimi nilibaki na bami wetu, yaani watawala wa Buha. Heru, kule Kasulu, miaka ya 1940 kiti kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, na baadaye akaingia mpaka Bungeni. Chini ya Wabelgiji ingekuwaje? Musinga walimwondoa mwaka 1931 wakamweka mwanawe Rudahigwa, kwa sababu hakuwa mtu wa kuelekezwa. Sijui kama wangevumilia binti Muha mwenye kauli yake. Mwalimu hakuwa na kadi ya Heru. Hana kadi hata moja ya Buha! Nimemwambia hiyo ni aibu, unavusha watu Tanganyika nzima halafu unairuka nchi iliyo jirani.

Mwisho ni kahawa na kashata, na Januari 1958. Mkutano wa TANU hapa hapa Tabora. Serikali ya kikoloni imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Na kupiga kura kwenyewe kuna masharti ya elimu au kazi au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Mnakubali kushiriki au mnasusa? Bila kujua ya kesho.

Nilisusa, na bado naona kwa kadi ile kususa kulikuwa na akili. Mtu anakwambia umpigie kura yule unayempinga, la sivyo kura yako inaharibika! Mke wa mzee wa Nzega, ambaye alikuwa hajasema neno tangu nsansa, akasema tukisusa viti vitachukuliwa na UTP, chama kilichopendwa na serikali ya kikoloni, na watasema Waafrika wamechagua. Tukapiga kura kwa mikono, tukashindwa, watatu kwa wawili. Nyerere naye aliushawishi mkutano ushiriki, Zuberi Mtemvu akatoka kuanzisha chama chake cha ANC, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakazoa viti kwenye awamu za Septemba 1958 na Februari 1959. Mtemvu alipogombea urais dhidi ya Nyerere mwaka 1962 alipata kura zaidi ya 21,000, mwenzake zaidi ya milioni 1.1. Kuhusu Mtemi Abdallah Fundikira, aliyekuwa waziri kwenye serikali ya uhuru kisha utemi wenyewe ukafutwa kisheria 1963, Mwalimu alianza vizuri lakini giza lilishaingia na dereva wa bajaji anapiga honi.

Kasoro nyingine. Bajaji mbili maana yake walio kwenye bajaji isiyo na Mwalimu hawasikii chochote njiani, na njiani ndiko anakosimulia. Maji ya kunywa hayamo kwenye bei, beba yako. Choo ni kile cha kwa mama wa chakula, basi, jipange. Simu yake inaita na anapokea. Ratiba inasema mnamaliza saa kumi na moja, sisi tulimaliza saa moja kasoro. Watoto wadogo usiwapeleke. Na kama shida yako ni picha za kuweka mtandaoni, hifadhi pesa yako, utarudi na picha ya mwembe.

Kwa wanafunzi wa HGL nasema nendeni, hata mkiazima. Binti yetu amerudi na daftari limejaa na anagombana na kila mtu nyumbani kuhusu Snay bin Amir, yaani mimi.

Jambo moja la kibiashara. Kadi za Mwalimu zimeanza kuchakaa, ile ya Mkasiwa ina doa la chai na ya Orts imepasuka katikati. Nilimwambia azitume kwa treni, nitazichapa upya kwa kompyuta na kuzipiga laminesheni, kadi zote kwa bei ya jumla, na za Buha binti yetu atamwandikia. Akaniuliza ni kiasi gani. Nikamtajia. Akasema kuna kijana mwingine pale Tabora mjini amemwambia atazifanya kwa nusu ya hiyo. Hatujaelewana bado.